Fomu Niliyotia Saini

Fomu ya kumlaza dada yangu katika hospitali ya magonjwa ya akili ilikuwa na kurasa mbili, na mahali pa kutia saini palikuwa chini ya ukurasa wa pili, penye mstari wa nukta nukta na maneno "jamaa wa mgonjwa". Nilitia saini nikiwa nimesimama, kwa kalamu ya kuazima, bila kusoma zaidi ya mistari mitatu ya mwanzo. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye benchi hatua mbili kutoka pale niliposimama, amejifunika shuka mabegani, akiwa hajapata usingizi kwa siku nne. Alikuwa na umri wa miaka 38, mwalimu wa hesabu, na ndiye aliyenishika mkono utotoni kunifundisha kuandika jina langu. Hakuna aliyemgeukia kumwuliza lolote. Daktari aliniuliza mimi, karani aliniuliza mimi, muuguzi aliniuliza mimi kama mgonjwa ana mzio wa dawa yoyote, nami nikajibu kwamba sijui, ilhali aliyejua alikuwa akitusikiliza.

Miaka sita imepita, dada amerudi darasani, na haya ninayaandika kwa idhini yake. Ameisoma rasimu na kufuta sentensi mbili, nami sikuzirudisha. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kilichonisumbua tangu siku ile ni hospitali yenyewe, yaani milango ya chuma, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na kelele za usiku. Baadaye niligundua kwamba kinachonisumbua ni ile saini. Nilimpenda, nilikuwa na hofu, na nia yangu ilikuwa njema. Hata hivyo nilimgeuza mtu mzima kuwa mtu wa kuamuliwa, na hakuna sehemu yoyote ya fomu ile iliyoeleza uamuzi huo ungekoma lini, nani angeukagua, wala yeye angeupinga kwa njia gani.

Anayesoma historia ya hospitali za magonjwa ya akili hukutana mara nyingi na saini ya mtu mwingine. Katika jimbo la Illinois nchini Marekani, sheria ya mwaka 1851 ilimruhusu mume kumwingiza mkewe hospitalini bila ushahidi wa wazimu uliotakiwa kwa wagonjwa wengine. Mwaka 1860 mchungaji mmoja aliitumia sheria hiyo dhidi ya mkewe, Elizabeth Packard, mama wa watoto sita, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kutofautiana na mumewe hadharani katika mambo ya imani. Alikaa ndani miaka mitatu. Aliporudi nyumbani mumewe alimfungia chumbani, na jambo hilo ndilo lililoifikisha habari yake mahakamani, ambako mwaka 1864 jopo la raia lilitumia dakika 7 tu kuamua kwamba ana akili timamu. Hakuishia hapo. Alizunguka majimbo kudai sheria mpya, na miongoni mwa mambo aliyoyapigania kwa bidii ni haki ya mgonjwa kuandikiana barua na watu wa nje bila kuzuiwa na wasimamizi. Jimbo la Iowa lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1872. Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza nilishangaa kwamba mtu aliyenyang'anywa miaka mitatu aliona barua kuwa jambo kubwa kiasi hicho. Kisha nikakumbuka jinsi simu ya dada yangu ilivyotiwa ndani ya bahasha na kufungiwa kabatini siku ya kwanza, na jinsi kwa siku 11 kila alichotaka kuwaambia watu wa nje kilivyolazimika kupitia kinywani mwa mtu mwingine.

Karibu karne moja baada ya Packard, mwaka 1957, Kenneth Donaldson alilazwa katika hospitali ya serikali huko Chattahoochee, Florida, kwa ombi la baba yake, aliyeamini kwamba mwanawe anasumbuliwa na mawazo yasiyo ya kweli. Alikaa karibu miaka 15. Hakuwa hatari kwa mtu, aliomba kuachiwa tena na tena, na marafiki zake walijitolea kumpokea na kumtunza, lakini maombi yote yalikataliwa. Kesi yake ilipofika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya Marekani mwaka 1975, majaji wote walikubaliana kwamba serikali haina mamlaka ya kumfungia tu mtu asiye hatari ambaye anaweza kuishi salama nje, peke yake au kwa msaada wa jamaa na marafiki walio tayari kumsaidia.

Hospitali hiyohiyo ilitajwa tena mbele ya mahakama hiyo mwaka 1990, katika kesi ya mtu aliyekutwa kando ya barabara kuu mwaka 1981 akiwa na majeraha na akili imevurugika. Aliletewa fomu za kulazwa kwa hiari, naye akazitia saini huku akiamini kwamba amefika mbinguni. Kwa karatasi hizo alikaa ndani miezi mitano akihesabiwa kuwa mgonjwa wa hiari, bila mtu yeyote wa nje kuulizwa kama ni halali awepo pale. Kesi hiyo hunijia akilini kila ninaposikia hospitali ikijitetea kwamba mgonjwa mwenyewe alikubali. Ridhaa inahitaji mtu aelezwe anachoingia kwa lugha anayoielewa, apewe nafasi ya kuuliza na kukataa, na aweze kubadili nia yake kesho. Pale ambapo mlango umefungwa kwa ufunguo na mgonjwa wa hiari anaambiwa kwamba akisisitiza kutoka atageuzwa kuwa mgonjwa wa lazima, mimi sioni hiari yoyote.

Nirudi wodini. Nilichokiona kule hakikuwa ukatili wa makusudi, na ni haki niseme hivyo, kwa sababu usiku wauguzi wawili walikuwa wakihudumia wagonjwa zaidi ya 40 na mmoja wao alikuwa ameunganisha zamu mbili. Kilichokuwepo ni mazoea ambayo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyatafakari. Wagonjwa walioga kwa foleni, mlango ukiwa wazi. Nguo zao zilichukuliwa wakapewa sare isiyo na vifungo, ambayo baadhi ya wanawake walilazimika kuishikilia kwa mkono kifuani walipotembea. Waliitwa kwa namba za vitanda. Dada aliniambia baadaye kwamba kilichomuumiza kuliko mlango wa chuma ni kuitwa "kumi na saba" na mtu aliyeshika mkononi faili lenye jina lake.

Siku ya nne alianza kutembea. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta tangu alfajiri. Akiketi anainuka, akilala anainuka, na miguu ilimchezacheza hata alipojilazimisha kuituliza. Alimwambia kila aliyepita kwamba kuna kitu kinamsukuma kutoka ndani ya mifupa na kwamba hawezi kukistahimili. Ukurasa wa siku hiyo katika faili lake, ambalo tulikuja kuliomba na kulisoma pamoja, una maneno matatu: "Mgonjwa anahangaika sana." Kwa kuwa alihangaika, aliongezewa sindano ya dawa ileile aliyokuwa akipewa, na kwa kuwa sindano ilizidisha kuhangaika kwake, usiku wa manane alifungwa kitandani kwa mikanda mikono na miguu, akabaki hivyo hadi saa mbili asubuhi.

Kila anayefanya kazi katika wodi za namna hii anayajua madhara ya dawa za kundi la haloperidoli, zinazotumika kutuliza dalili za ugonjwa wa akili. Zinaweza kukaza misuli ya shingo na taya hadi kichwa kikapinda na macho yakageukia juu. Zinaweza pia kuleta hali ya kutotulia iitwayo akathisia, ambayo mgonjwa huisikia kama mateso ya mwilini na ambayo anayemtazama huichukulia kwa urahisi kuwa ni ugonjwa wenyewe unaozidi. Tiba yake ni kupunguza kipimo au kubadili dawa, na wakati mwingine kuongeza dawa nyingine ya kuituliza. Kuitambua hakuhitaji mashine wala maabara. Kunahitaji mtu aketi na kuuliza hali hii ilianza lini, kabla ya sindano au baada yake, na kama kinachohangaika ni mawazo au ni miguu. Aliyeuliza hivyo alikuwa muuguzi mwanafunzi, asubuhi ile, wakati akifungua mikanda. Alikwenda kumwita daktari, kipimo kikapunguzwa, dawa ikabadilishwa, na siku mbili baadaye dada aliketi kitini muda wote wa ziara yangu huku mikono yake imetulia mapajani.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waungwana, kwamba mgonjwa wa akili atibiwe kwanza na habari za haki zije baadaye akishapata nafuu. Katika kisa cha dada yangu, haki ya kusikilizwa ndiyo iliyokuwa uchunguzi wa kitabibu. Aliponyimwa haki hiyo alipewa tiba mbaya, na aliporudishiwa alipewa tiba sahihi. Hata daktari asiyejali lolote kuhusu utu, kama yupo, angepaswa kumwuliza mgonjwa wake kwa sababu hiyo peke yake.

Nimelifikiria sana faili lile na maneno yake matatu, kwa kuwa karatasi inayomzungumzia mgonjwa bila kumsikiliza ina historia ya kutisha. Kuanzia mwaka 1939 hospitali za Ujerumani zilitumiwa fomu za kujaza kuhusu wagonjwa wao: ugonjwa gani, amekaa muda gani, anaweza kufanya kazi ya aina gani. Madaktari walioteuliwa walizisoma wakiwa mbali, bila kumwona mgonjwa hata mmoja, wakaweka alama ya kujumlisha kwa rangi nyekundu kwa yule wa kuuawa na alama ya kutoa kwa rangi ya buluu kwa yule wa kuachwa hai. Hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi katika vituo sita, na baada ya hapo mauaji yaliendelea hospitalini kwa njaa na kwa dawa hadi mwisho wa vita. Silinganishi wodi aliyolazwa dada yangu na uovu ule. Ninachokiona ni kwamba fomu zile ziliuliza juu ya uwezo wa kufanya kazi, na hazikuwa na mahali popote pa kuandika mgonjwa mwenyewe amesema nini.

Sasa niseme kuhusu kufunga. Kanuni za kuwalinda watu wenye magonjwa ya akili, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1991, hazikukataza kabisa jambo hilo, ila ziliweka masharti: iwe ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuzuia madhara yaliyo karibu kutokea, isizidi muda unaohitajika, sababu na muda viandikwe, mgonjwa aangaliwe kwa karibu na kwa kurudiarudia, na mwakilishi wake ajulishwe upesi. Dada alifungwa kwa takriban saa nane. Katika saa hizo faili linaonyesha kwamba alitazamwa mara moja. Hapakuwa na madhara yaliyokuwa karibu kutokea, isipokuwa kwamba kutembea kwake kuliwaamsha wengine. Na mimi, ambaye saini yangu ilionekana kuwa na uzito wa kutosha kumwingiza, nilipewa habari siku mbili baadaye, tena na mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Wasiowahi kuona huenda wakadhani kwamba kumfunga mtu au kumkandamiza ni jambo lisilopendeza lakini lisilo na hatari. Mtu anayelazwa kifudifudi, na watu wazima wawili au watatu wakamwekea uzito mgongoni, hawezi kupanua kifua chake akapumua sawasawa. Anapojipapatua ili avute hewa, wanaomshika huona ukaidi na kuzidisha nguvu. Aliyefungwa kwa muda mrefu bila kusogea anaweza kuganda damu kwenye mishipa ya miguu, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huua ghafla. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant la Marekani lilikusanya na kuthibitisha vifo 142 vilivyotokea katika miaka kumi wakati au baada ya wagonjwa kufungwa, kukandamizwa au kutengwa, na baadhi ya waliokufa walikuwa watoto. Huko Uingereza, baada ya kijana mmoja kufariki mwaka 2010 kutokana na kukandamizwa na polisi 11 ndani ya hospitali aliyokwenda kutafuta msaada, Bunge lilipitisha mwaka 2018 sheria inayozitaka hospitali za magonjwa ya akili kuwafundisha wahudumu wao njia nyingine na kuandika kila mara wanapotumia nguvu, na juu ya nani. Kati ya hayo mawili naona kuandika ndiko kunakofanya mabadiliko makubwa zaidi, mradi kile kilichoandikwa kisomwe na mtu asiyefanya kazi katika wodi hiyo.

Kuna mtu mmoja aliyebadilisha mambo kwa kukataa kuandika. Novemba 1961, asubuhi yake ya kwanza kama mkurugenzi wa hospitali ya Gorizia, mpakani kaskazini mashariki mwa Italia, Franco Basaglia aliletewa na muuguzi mkuu daftari la wagonjwa waliofungwa usiku uliotangulia ili aliidhinishe kwa saini yake, kama walivyofanya wakurugenzi wote kabla yake. Alikataa. Alifahamu kwamba kumfunga mtu kulikuwa kumefanywa kuwa shughuli ya kila siku kwa sababu kila asubuhi palikuwa na saini ya kukuhalalisha. Mwaka 1971 alihamia Trieste, kwenye hospitali yenye wagonjwa wapatao 1,200, ambako milango ya wodi ilifunguliwa, wagonjwa wakawa na mikutano ambamo walisema na kusikilizwa, na wengi waliokuwa wakifanya kazi bila malipo wakaanza kulipwa ujira. Mwaka 1973 wagonjwa, wahudumu na wasanii walitengeneza farasi mkubwa wa buluu wa mbao na karatasi wakamsukuma hadi nje ya hospitali. Alikuwa mkubwa kupita lango, na iliwabidi walivunje ili apite. Mei 1978 Italia ilipitisha sheria nambari 180, iliyozuia kujengwa kwa hospitali mpya za aina ile na kuelekeza huduma zihamie kwenye vituo vya mitaani na wodi ndogo ndani ya hospitali za kawaida.

Sehemu ya sheria hiyo ninayoithamini zaidi haitajwi sana. Ili mtu alazwe kwa lazima nchini Italia, daktari mmoja hupendekeza, daktari wa pili wa huduma ya umma huthibitisha, meya ndiye anayetoa amri, na jaji huipitia katika muda unaohesabiwa kwa saa. Amri yenyewe hudumu siku 7, na kuiongeza kunahitaji daktari aeleze sababu upya. Nilipoijua sheria hii nilikaa kimya kwa muda. Kumpokonya mtu uhuru wake kwa juma moja kunahitaji watu wanne wanaowajibika, kila mmoja kwa jina lake. Kwa dada yangu alitosha mtu mmoja aliyechoka na kalamu ya kuazima.

Sifa za mageuzi haya hupewa madaktari, nami nisingependa kuendeleza kasoro hiyo. Michoro maarufu humwonyesha daktari Philippe Pinel akiwafungulia wagonjwa minyororo jijini Paris. Kwenye hospitali ya Bicêtre, aliyeiondoa minyororo mwaka 1797 alikuwa Jean-Baptiste Pussin, msimamizi asiye daktari ambaye aliwahi kulazwa hapohapo akiwa mgonjwa, na aliyependa kuajiri watu waliopata nafuu kwa kuwa aliwaona ni wapole zaidi kwa wenzao. Ni kweli pia kwamba mahali pa minyororo aliweka fulana za kufungia mikono. Hata hivyo naona maana kubwa katika jambo hili, kwamba aliyeufungua mnyororo alikuwa ameyaishi maisha ya upande ule mwingine.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanahitaji fedha na watu, na wana haki ya kusema hivyo. Muuguzi aliyeunganisha zamu mbili hatakuwa mpole kwa amri ya waraka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba nchi kwa wastani hutenga chini ya asilimia 2 ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili, na katika nchi nyingi sehemu kubwa ya kidogo hicho humezwa na hospitali kubwa za zamani. Ila kugonga mlango kabla ya kuingia, kumwita mtu kwa jina lake, kutia pazia bafuni, kumweleza anachodungwa na kwa nini, ni mambo ya gharama ndogo mno, na katika wodi ile ndiyo yaliyokosekana kwanza.

Wala sikubaliani na wanaodhani kwamba kufunga hospitali peke yake ni ukombozi. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng nchini Afrika Kusini ilivunja mkataba na vituo vya kutunza wagonjwa wa akili vya Life Esidimeni, na katika miezi iliyofuata wagonjwa takriban 1,700 wakahamishwa haraka, wengi wao wakipelekwa kwenye mashirika yaliyopewa leseni kinyume cha sheria, yasiyo na wahudumu, chakula wala dawa za kutosha. Jamaa zao walikuwa wamepinga, na walikwenda hata mahakamani. Wagonjwa 144 walikufa. Baadhi ya jamaa walizunguka majuma kadhaa wakitafuta tu kujua ndugu yao amepelekwa wapi, na wengine walipompata alikuwa tayari chumba cha maiti. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesikiliza shauri la familia hizo, alitoa uamuzi wake mwaka 2018 na kuamuru zilipwe fidia. Uhamisho ule ulielezwa kwa maneno mazuri ya kuwarudisha wagonjwa katika jamii. Lakini wao wenyewe hawakuulizwa wanataka kwenda wapi, na jamii yenyewe haikuwa imeandaliwa kuwapokea. Heri mfano wa Aro nchini Nigeria, ambako tangu mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa katika nyumba za vijiji jirani na hospitali, kila mmoja akifuatana na ndugu yake, wakija kutibiwa mchana na kurudi kwa wenyeji wao jioni. Vijiji vilishirikishwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika, na tofauti yote imo humo.

Swali gumu linabaki, na nisingekuwa mkweli kama ningelikwepa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unasema katika kifungu cha 12 kwamba watu wenye ulemavu, wakiwemo wa akili, wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na katika kifungu cha 14 kwamba ulemavu hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Wataalamu hawajaafikiana kama maneno hayo yanaondoa kabisa matibabu ya lazima au yanaacha nafasi ndogo kwa hali ya hatari. Ninapoyasoma huukumbuka ule usiku wa nne bila usingizi, kabla hatujaenda hospitali, dada akiwa ameshika kitasa cha mlango, akisema kwamba barabarani kuna watu wanamwita. Ningempeleka tena hospitali. Sijui njia nyingine ambayo ningeifuata usiku ule, na sitaki mtu aliyeko mahali kama pale nilipokuwa mimi asome haya na kujiona msaliti. Ninachokijutia ni kwamba niliacha kuzungumza naye mara tu tulipovuka lango, kana kwamba kwa kuingia ndani alikuwa amekoma kuwa mtu wa kuzungumza naye. Hata katika hali ile alijua mambo mengi: jina la dawa iliyowahi kumdhuru, kwamba giza humtisha, kwamba hapendi kushikwa na mtu anayetokea nyuma yake. Maneno manne ya kumwuliza yangeokoa saa nane za mikanda.

Mwaka jana, akiwa mzima kabisa, dada aliandika mpango wa kutumiwa iwapo ataugua tena. Huduma kadhaa duniani zinautambua mpango wa aina hii, na sheria za baadhi ya nchi huupa nguvu. Mahali pengine ni karatasi ambayo daktari mwema ataiheshimu. Aliuandika mezani kwake jioni mbili mfululizo, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Umeitaja dawa asiyotaka kupewa na sababu yake, na dawa anayoikubali. Unasema kwamba akianza kutembea aulizwe kwanza kuhusu miguu yake. Unasema asilazwe kifudifudi kwa sababu yoyote, taa ndogo iachwe ikiwaka, simu yake ibaki naye au aruhusiwe kupiga kila jioni, na aitwe Mwalimu au kwa jina lake. Unasema kwamba mimi nijulishwe kila kinachofanyika, lakini nisiamue lolote ambalo yeye mwenyewe anaweza kuulizwa.

Aliweka saini yake chini ya ukurasa wa pili, kisha akanisogezea karatasi. Mahali pangu palikuwa kwenye mstari wa shahidi. Nilizisoma kurasa zote mbili, nikamwuliza kama kuna neno angependa kubadili kabla sijatia saini yangu. Alifikiri, akaichukua tena kalamu, akaongeza kwamba akilazwa, wanafunzi wake waambiwe mwalimu wao anaumwa, wasiambiwe amesafiri.